Kupima Kwanza, Kufungua Baadaye

Katika gereji nyingi za nchi hii lipo tendo moja ambalo, likitazamwa kwa jicho la sayansi, ni hasara tupu: kung'oa chombo kizima kabla ya kujua ni sehemu gani ya chombo hicho iliyoharibika. Tendo hilo huonekana wazi zaidi katika magari yanayobadili gia yenyewe, ambayo watu wameyazoea kwa jina la magari ya otomatiki. Gari likishindwa kupanda mlima, au likibadili gia kwa kishindo, au likibaki katika gia moja tu, hukumu hutolewa papo hapo: giaboksi imekufa. Mwenye gari huagiza giaboksi nyingine iliyokwisha kutumika, hulipa, hufungiwa, na wakati mwingine ugonjwa hubaki pale pale, kwa kuwa haukuwa katika giaboksi bali katika waya mmoja uliochubuka.

Kosa hilo si la mikono. Mafundi wamethibitisha kwa miaka mingi kwamba wanaweza kufungua na kufunga mashine yoyote iletwayo mbele yao. Kinachopungua ni hatua inayotangulia spana, yaani kuuliza, kupima na kulinganisha kabla ya kuamua. Nalo jambo la kusikitisha ni kwamba elimu ya hatua hiyo haiko mbali wala si ghali, maana imo katika somo la fizikia linalofundishwa katika shule za sekondari. Solenoidi, kifaa kidogo kinachoiamuru giaboksi ya otomatiki kubadili gia, ni mfano bora wa jambo hilo. Mwanafunzi huichora daftarini, huijibia mtihani, kisha huisahau. Fundi huishika mkononi, kisha huitupa. Wawili hao hawajakutana, na gharama ya kutokutana kwao hulipwa na mwananchi.

Umbali wa Sibwesa

Gharama hiyo hailingani kila mahali. Ichukuliwe Sibwesa, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, upande wa nchi ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Mtu wa huko akitafuta vipuri, au spea kama watu wengi wanavyoziita, huelekea kwanza Mpanda, mji ulio mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua. Kipuri kisichopatikana Mpanda hutafutwa Tabora au Mwanza, na mara nyingi Kariakoo, Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Mvua za Novemba hadi Aprili zikifika, barabara za udongo huharibika na kila safari huongezeka saa na gharama.

Mahali kama hapo, kosa la kutambua ugonjwa wa gari lina bei mbili. Ya kwanza ni fedha ya kipuri kisichohitajika. Ya pili ni siku ambazo gari limelala juu ya magogo: mahindi na mpunga havifiki sokoni, mgonjwa hatolewi usiku, na kijana aliyeajiriwa kuliendesha hana kazi. Fundi wa Dar es Salaam akikosea leo, kesho hurudi dukani kubadilisha kipuri. Fundi wa Sibwesa akikosea, huenda juma zima likapita kabla hajagundua kwamba amekosea. Kwa sababu hiyo mtu aliye mbali na duka ndiye anayepaswa kupima zaidi, wala si kidogo. Naye ndiye, kwa desturi iliyopo, mwenye vifaa vichache vya kupimia.

Tatizo hili lina historia yake. Katika enzi ya Land Rover na malori ya Bedford, gia ilibadilishwa kwa mkono wa dereva, na kasoro yake ilihisiwa kwa mkono huo huo: mkwaruzo, ugumu wa fimbo, meno yaliyokataa kuingiana. Siku hizi magari mengi madogo yanayoingia nchini yamekwisha kutumika Japani, na sehemu kubwa yake ni ya otomatiki. Katika magari hayo uamuzi wa kubadili gia umetoka mkononi mwa dereva na kwenda kwenye kompyuta, nayo kompyuta hutoa amri zake kwa njia ya umeme. Umeme hauonekani wala hausikiki. Kwa hiyo ujuzi wa sikio na kiganja, ambao ulitosha jana, leo hauna budi kuongezewa kipimo.

Koili, chuma na mafuta

Mwaka 1820 mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Oersted, aliona kwamba waya wenye mkondo wa umeme huisogeza sindano ya dira. Katika miaka iliyofuata Mfaransa André-Marie Ampère alichunguza waya uliozungushwa mizunguko mingi mithili ya springi, akauita solenoidi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mfereji au bomba. Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon alizungusha waya juu ya kipande cha chuma na kupata sumaku inayoweza kuwashwa na kuzimwa. Hayo yote yamo katika vitabu vya shule. Yasiyomo mara nyingi ni haya yafuatayo.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna pampu inayoyasukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, na kuna bamba la chuma lililochimbwa njia nyembamba nyingi kama mitaa ya mji. Katika njia hizo zimo vali zinazoteleza. Vali ikisogea upande huu, mafuta huenda kwenye klachi moja. Ikisogea upande ule, huenda kwenye klachi nyingine. Klachi inayobanwa ndiyo inayoamua gia. Kanuni ya Pascal ndiyo inayotawala hapo: shinikizo likitiwa katika mafuta yaliyofungiwa, huenea pande zote, na kani inayopatikana hutegemea ukubwa wa eneo linalosukumwa.

Kazi ya solenoidi ni kufungua au kufunga tundu dogo linaloamua vali isogee wapi. Koili ikipata mkondo, kipande cha chuma kilichomo ndani yake huvutwa. Mkondo ukikatwa, springi hukirudisha. Solenoidi basi haibebi uzito wa gari. Yenyewe ni bawabu tu anayefungua mlango, na wapitao mlangoni ndio wenye nguvu. Mkondo usiofika ampea moja unaamuru mafuta yenye uwezo wa kusogeza gari lililojaa mizigo.

Ukishaeleweka hivyo, ugonjwa wa solenoidi huonekana kuwa wa aina tatu tu. Kwanza, waya wa koili au wa njiani umekatika, na mkondo haupiti kabisa. Pili, waya umegusa bodi ya gari au mizunguko ya koili imegusana, na mkondo unapita mahali usipopaswa. Tatu, umeme ni mzima lakini kipande cha chuma kimekwama au tundu limezibwa na uchafu. Aina mbili za kwanza ni za umeme. Ya tatu ni ya mafuta. Fundi asiyezitofautisha anabahatisha.

Solenoidi mbili, gia nne

Giaboksi nyingi za Toyota za gia nne zilizotengenezwa katika miaka ya 1980 na 1990, kama ile ya A340E, zina solenoidi mbili za kubadili gia. Solenoidi moja ina hali mbili: ina umeme au haina. Solenoidi mbili kwa pamoja zina hali nne, na hali nne zinatosha gia nne. Mpangilio wake ni huu:

Gia ya kwanza: solenoidi ya 1 ina umeme, ya 2 haina.
Gia ya pili: zote mbili zina umeme.
Gia ya tatu: ya 1 haina umeme, ya 2 inao.
Gia ya nne: zote mbili hazina umeme.

Mwalimu wa hisabati ataona hapa hesabu ya namba za msingi wa mbili ikitembea barabarani. Fundi naye ataona jambo kubwa zaidi, kwamba jedwali hili dogo linabashiri. Umeme ukikatika kabisa, solenoidi zote mbili huwa hazina umeme, na hiyo ndiyo hali ya gia ya nne. Gari lililowekwa katika D litaanza safari kwa gia ya nne. Litajikongoja, injini itanguruma kwa uzito, na mlimani litakataa. Dereva atasema gari halina nguvu. Hapo ndipo plagi hubadilishwa, pampu ya petroli hubadilishwa, nozeli husafishwa, ilhali injini haina kosa lolote.

Solenoidi ya 1 pekee ikikwama katika hali ya kukosa umeme, jedwali linaonyesha kwamba amri ya gia ya kwanza italeta gia ya nne, na amri ya gia ya pili italeta ya tatu. Ikikwama hivyo solenoidi ya 2, amri za gia ya kwanza na ya pili zote zitaleta gia ya kwanza, na amri ya tatu italeta ya nne. Gari litavuta vizuri mwanzoni, kisha litaruka ghafla na kupoteza nguvu. Kompyuta ikigundua kwamba njia ya umeme imekatika, huweza kubadili amri zake ili kupunguza taabu. Lakini kompyuta za namna hiyo huona umeme tu, uchafu hazioni. Solenoidi iliyozibwa inaweza kuliacha gari likitembea vibaya huku taa ya onyo imenyamaza kimya.

Yafaa pia ieleweke tofauti kati ya mlio wa gari lenye gia isiyofaa na ule wa gari lenye klachi zilizokwisha. Gari lililoondoka kwa gia ya juu, injini yake huzunguka polepole na kuelemewa. Gari ambalo klachi zake zinateleza, injini yake huvuma na kuzunguka kwa kasi ilhali magurudumu hayafuati. Milio hiyo miwili inapingana. Atakayeisikiliza kwa makini amekwisha kupunguza nusu ya kazi kabla ya kugusa chochote.

Jaribio linalotenganisha

Hatua ya kwanza ya kupima haihitaji umeme hata kidogo. Ni kuangalia mafuta ya giaboksi, gari likiwa mahali tambarare, injini ikiunguruma na mafuta yakiwa yamepata moto. Mafuta yaliyopungua huifanya pampu ivute hewa, na dalili zake hufanana na za solenoidi mbovu. Mafuta yenye harufu ya kuungua na weusi huonyesha klachi zilizochomeka. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa huonyesha kwamba maji yameingia, jambo la kutazamiwa kwa gari linalovuka mito wakati wa mvua.

Ikiwa mafuta ni salama, linafuata jaribio ambalo lingefaa kuandikwa katika kila daftari la fizikia. Katika giaboksi za jamii iliyotajwa, kiungio cha waya za solenoidi huchomolewa, kisha gari huendeshwa taratibu mahali pa wazi, fimbo ikiwekwa kwa zamu katika L, 2 na D. Kwa kuwa solenoidi zote zimenyimwa umeme, kompyuta haina sauti tena. Fimbo ya dereva pekee ndiyo inayoelekeza mafuta. Giaboksi iliyo nzima hutoa gia ya kwanza katika L, ya tatu katika 2, na ya nne katika D.

Maana ya jaribio hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Gari ambalo lilikuwa likikataa gia ya kwanza, likiipata sasa katika L na kuvuta kwa nguvu, limetoa ushahidi kwamba pampu na klachi za gia hiyo ni nzima. Kosa limo katika amri, si katika misuli. Giaboksi ambayo ilikuwa karibu kung'olewa imeokolewa kwa dakika chache, pasipo kununua kitu. Likikataa gia hizo hata sasa, basi hakuna solenoidi mpya itakayoliponya, na mwenye gari ameepushwa kununua solenoidi bure. Kwa vyovyote vile jaribio limejibu swali. Hiyo ndiyo alama ya jaribio zuri: matokeo yake, yawe haya au yale, hupunguza ujinga.

Wanafunzi hufundishwa kwamba katika jaribio la kisayansi hubadilishwa jambo moja huku mengine yakiachwa kama yalivyo. Kuchomoa kiungio kimoja ni kubadili jambo moja. Kufunga giaboksi nyingine ni kubadili mambo mia kwa mara moja, na hata gari likipona, hakuna atakayejua ni lipi kati ya mia hayo lililoliponya.

Namba na halijoto

Baada ya jaribio hilo huja zamu ya mita ya umeme, ile ndogo inayopima volti na omu. Swichi ya gari huzimwa na kiungio huchomolewa, kwani ukinzani haupimwi katika njia yenye umeme. Katika solenoidi za kubadili gia za magari hayo, ukinzani kati ya pini na bodi ya gari hutakiwa uwe kati ya omu 11 na 15, kwa halijoto ya nyuzi 20 hivi. Mita ikionyesha kwamba ukinzani hauna mwisho, waya umekatika. Ikionyesha karibu na sifuri, kuna mguso usiostahili.

Lakini namba peke yake haisemi kitu mpaka ifahamike imepimwaje. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban sehemu 0.0039 kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi. Solenoidi yenye omu 13 katika nyuzi 20, ikipimwa gari likiwa limetoka safarini na mafuta yamefika nyuzi 90, itasoma 13 × (1 + 0.0039 × 70), yaani omu 16.5 hivi. Asiyejua kanuni hiyo ataona kwamba namba imevuka 15 na ataitupa solenoidi nzima. Anayeijua atasubiri ipoe, au atafanya hesabu.

Upo upande wa pili pia. Ichukuliwe solenoidi ya omu 13 iliyo baridi, ambayo kiungio chake kimeshika kutu hata kikaongeza ukinzani wa omu 5. Kwa betri ya volti 12.6, mkondo uliotakiwa kuwa ampea 0.97 unashuka hadi ampea 0.70. Upungufu huo ni wa zaidi kidogo ya robo. Lakini kani ya sumaku ya namna hii hukaribia kufuata mraba wa mkondo, na mraba wa 0.72 ni 0.52. Bawabu amebakiwa na nusu ya nguvu zake. Huenda mlango ukafunguka asubuhi, na mchana, shaba ikipata joto na mkondo ukizidi kushuka, usifunguke. Hii ndiyo asili mojawapo ya lile gari ambalo wenyewe husema lina mashetani, kwa kuwa huharibika njiani na kupona likifika kwa fundi. Hakuna shetani, ipo Kanuni ya Ohm, iliyotangazwa mwaka 1827.

Dawa yake ni kupima mahali pawili. Mita iwekwe kwenye ncha ya waya iliyo upande wa kompyuta, kisha iwekwe kwenye solenoidi yenyewe. Ikiwa ncha ya mbali inasoma omu 18 na solenoidi inasoma 13, zile 5 zilizozidi zimo njiani, na kinachohitajika ni msasa, bisibisi na kipande cha waya. Hata asiye na kitabu cha gari ana njia: alinganishe solenoidi mbili za aina moja. Mbili zilizotengenezwa sawa zikitofautiana sana, mojawapo inasema uongo.

Solenoidi yenye omu sahihi bado haijatoka hatiani, maana ugonjwa wa tatu, ule wa kukwama, hauonekani kwenye mita. Hiyo hufunuliwa kwa kuipa volti 12 za betri kwa muda mfupi na kusikiliza kama inagonga, tak, inapopata umeme na inapoukosa. Tahadhari ni lazima: solenoidi za kurekebisha shinikizo, ambazo ukinzani wake ni mdogo, katika Toyota nyingi omu 5 hivi, zisipewe betri moja kwa moja, bali balbu iwekwe katika mfuatano ili kupunguza mkondo. Tena giaboksi za miaka ya baadaye, zenye gia sita au zenye mkanda wa chuma mahali pa gia, zina mipangilio mingine. Kanuni ni zile zile, namba sizo zile.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwani sasa kuna mashine inayochomekwa kwenye gari na kusoma ugonjwa. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Mashine husoma msimbo, na msimbo si hukumu. P0753 husema kwamba kuna kasoro ya umeme katika njia ya solenoidi ya kwanza, na P0758 husema hivyo kwa ya pili. Hausemi kama kilichoharibika ni koili, waya, kiungio au kompyuta yenyewe. Anayenunua solenoidi kwa kusoma msimbo tu amebahatisha kwa kutumia mashine ya gharama. Isitoshe, Toyota nyingi za zamani hazihitaji hata mashine hiyo: pini TE1 na E1 zikiunganishwa katika kisanduku cha uchunguzi, taa ya O/D OFF humulika msimbo kwa kuhesabika, 62 kwa solenoidi ya 1, 63 kwa ya 2, na 64 kwa solenoidi ya tatu, ile inayofunga turbini ya mafuta.

Wengine watasema kwamba fundi mzoefu hahitaji hesabu. Uzoefu ni hazina, na hakuna mita inayoweza kuchukua nafasi yake, kwa sababu uzoefu ndio unaoelekeza mita iwekwe wapi. Lakini uzoefu huhukumu jipya kwa kulifananisha na la zamani, na magari hubadilika kila mwaka. Isitoshe uzoefu hauwezi kukaguliwa na mwingine. Mwenye gari hana njia ya kupinga wala kuthibitisha neno la fundi, ila namba iliyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na halijoto yake, inaweza kusomwa na fundi mwingine wa Mpanda au wa Tabora. Namba humlinda mwenye gari, na humlinda fundi mwaminifu vile vile.

Kazi ya shule

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa na Rais Julius Nyerere mwezi Machi 1967, ulitaka shule isiwe kisiwa kilichotengwa na kazi za watu wanaoizunguka. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 nao umeufungua mkondo wa elimu ya amali katika sekondari. Mawazo hayo ni mema, ila hayawezi kutimizwa kwa waraka wala kwa mtaala pekee. Hutimizwa siku mwalimu mmoja anapokwenda gereji moja na kuomba solenoidi mbovu zilizotupwa.

Kwa solenoidi tatu au nne za bure, mita moja na betri moja, darasa lina masomo ya muhula mzima. Wanafunzi wanaweza kupima ukinzani wa koili ikiwa baridi, kisha ndani ya mafuta yanayopashwa moto taratibu, na kuchora mstari wa grafu. Kwa koili ya omu 13 mstari huo utapanda kwa takriban omu 0.05 kwa kila nyuzi moja. Wanaweza kuweka vikinzani katika mfuatano na kutafuta ni kwa ukinzani gani solenoidi inaacha kugonga. Wanaweza kupewa jedwali la gia nne na kuulizwa: dereva anasema gari lake linaruka kutoka gia ya kwanza hadi ya nne, je, ni solenoidi ipi? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo ameelewa sumakuumeme kuliko aliyekariri fasili yake.

Kipo pia kikwazo cha lugha, ambacho hakifai kunyamaziwa. Mwanafunzi hufundishwa mambo haya kwa Kiingereza, na fundi huyafanya kwa Kiswahili. Yule anajua ukinzani kwa jina ambalo fundi hajalisikia. Huyu anajua waya uliolegea kwa jina ambalo halimo kitabuni. Ndiyo maana mwana wa fundi aweza kufaulu fizikia asijue kwamba alichofaulu ndicho baba yake anachokitafuta chini ya gari. Mwalimu anayetumia dakika tano kuyaeleza maneno hayo kwa Kiswahili, omu, koili, mfuatano, mkondo, hapotezi wakati wa mtihani. Anajenga daraja kati ya meza mbili ambazo zote ni za elimu.

Upande wa gereji nako kuna wajibu. Fundi anayemfunza kijana kazi ampe mita siku ile ile anayompa spana, na amzoeze kuandika: gari, dalili, hali ya mafuta, namba iliyopimwa, halijoto, na kilichofanyika. Daftari la namna hiyo, likitunzwa kwa miaka michache mahali kama Sibwesa, litakuwa na thamani kuliko kitabu chochote kilichoandikwa nje, kwa sababu litakuwa limeandikwa kwa vumbi, maji na milima ya huko huko.

Nchi inayoagiza magari bila kuagiza ujuzi wa kuyapima hulipa mara mbili: hulipa gari, kisha hulipa ujinga wake. Malipo ya kwanza hayaepukiki kwa sasa. Ya pili yanaepukika, na gharama ya kuyaepuka ni mita moja, kanuni tatu za fizikia ambazo tayari zimo darasani, na desturi ya kutotoa hukumu kabla ya ushahidi. Spana ina siku yake, lakini siku hiyo hufuata ile ya kipimo.